Mfereji usio na mwenyewe: barua ya wazi kwa walioshika dhamana ya nyumba za Mji Mkongwe

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nakuandikieni kutoka Kiponda, chumba cha juu, na juu ya kitanda ninachokalia pana baka la maji lenye upana wa sinia la pilau. Mwaka juzi lilikuwa na upana wa sahani. Mama yangu hulipima kwa kiganja kila baada ya mvua kubwa. Siku hizi kiganja hakitoshi, anapima kwa mkono mzima.

Maji hayo hayatoki kwenye paa letu wala la jirani. Yanatoka katikati. Nyumba zetu mbili zimeshikana ukuta, kama zilivyo nyingi katika mji huu, na juu kabisa mabati ya kwetu na mabati ya kwao yanainamiana. Pale yanapokutana pana mfereji wa bati unaopokea mvua ya mapaa yote mawili na kuipeleka kwenye bomba la kichochoroni. Mfereji umeliwa na kutu, na bomba limekatika usawa wa ghorofa ya pili. Ikinyesha, maji ya mapaa mawili yanaingia ndani ya ukuta mmoja.

Tulikwenda kuuliza nani atauziba. Mahali pa kwanza tuliambiwa nyumba ya jirani haiko mikononi mwao. Mahali pa pili tuliambiwa nyumba wanaisimamia wao, lakini mfereji uko upande wetu. Mahali pa tatu tuliambiwa tusiguse chochote mpaka kipatikane kibali, kwa kuwa nyumba ni ya kale. Sipataji mahali hapo, maana sikuandika kumshitaki mtu, na waliotupokea walitupokea kwa heshima. Ila masika mawili yamepita na mfereji uko vile vile.

Nimefikiri sana juu ya mfereji huo, na nimefika pahala ambapo naona ndio jambo lenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zinaangushwa na vitu vidogo visivyo na mwenyewe: mfereji wa nyumba mbili, bomba la kichochoro, ngazi inayopandwa na familia nne, dari ambayo aliye chini anaiona na aliye juu anaikanyaga. Hilo ndilo ninalokuombeni mlishughulikie kabla ya jengine lolote.

Kazi iliyofanyika naijua, na siidharau. Mamlaka ya Mji Mkongwe imekuwepo tangu 1985. Sheria ya uhifadhi ilipitishwa 1994, na mwaka huo huo ukatoka mpango mkuu uliotayarishwa pamoja na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Zahanati ya kale pale Malindi, iliyoanzishwa na tajiri wa Kihindi Tharia Topan, ilikuwa inakufa ikafufuliwa, na roshani zake leo zinasimama kama zilivyochongwa. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa ikafunguliwa upya 2009. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia, na siku ile mitaani watu walipeana mikono kama wameozeshana watoto.

Lakini angalieni ni majengo gani yanayotajwa tunapozungumza uhifadhi. Ni majumba: Ngome Kongwe, Beit al-Sahel, Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka, jumba lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash 1883, na mafundi wawili waliokuwa kazini wakafariki, Mungu awarehemu. Khabari ilifika dunia nzima. Tulilia hapa mtaani, watu wazima walilia. Na jumba lile lilikuwa limeshatoa ishara, upande mmoja wa roshani zake ulianguka 2012, miaka minane kabla. Sasa nyumba ya ghorofa mbili ya Mkunazini au Kokoni inapotoa ishara, ikapasuka kona, ikamwaga jiwe kichochoroni usiku, nani anaisikia? Anaisikia jirani aliyelala. Asubuhi sheha, kiongozi wa mtaa, anaitwa, unawekwa uzi na vipande vya mbao ili watu wasipite, na watoto wanabadilisha njia ya kwendea skuli. Uzi ule nimeuona ukikaa mpaka ukapauka kwa jua.

Mji huu una majengo yapata 1,700 ndani ya hekta 96. Majumba ya kifalme na misikiti mikubwa unayahesabu kwa vidole. Yaliyobaki ni nyumba za watu: nyumba za Kiarabu zenye ua katikati na ukuta mtupu kwa nje, nyumba za Wahindi zenye duka chini na roshani juu, na nyumba ndogo za kawaida zenye baraza mbili na mlango wa mbao usio na nakshi hata moja. Mgeni anapiga picha mlango wa msaji wenye njumu za shaba, na ana haki, ni mzuri. Lakini fremu ya mlango ule imeshikwa na ukuta, na ukuta umeshikwa na paa, na paa limeshikwa na mfereji.

Niruhusuni nieleze nilichoonyeshwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilizaliwa katika nyumba hizi na sikukijua mpaka nikiwa mtu mzima. Mzee mmoja mwashi, aliyerithi kazi kwa baba yake, alikuja kututazamia. Sisi tulimwonyesha nyufa. Yeye hakuzitazama. Alipanda juu, akapiga magoti, akachukua msumari wa inchi sita na kuusukuma kwa kidole gumba kwenye boriti, pale inapoingia ukutani. Msumari ulizama wote bila nyundo. Akauchomoa, akaunusa, akampa mama auguse: unga mweusi, mbichi, unaonuka kama pwani maji yakitoka. Kisha akaenda katikati ya chumba akausukuma kwenye boriti ile ile, na msumari haukuacha hata alama. Akasema, "Boriti haifi kiunoni. Hufa kichwani."

Boriti ni mikoko, nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka Rufiji, na ndizo zilizoamua umbo la maisha yetu. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, ndio maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ikikaa pakavu, boriti inamzika aliyeiweka na mjukuu wake. Kichwa kikilowa, dari inaanza kushuka upande mmoja, na kwa kuwa boriti ndizo zinazozifunga kuta mbili zisiachane, kuta nazo zinaanza kutoka nje. Ufa unaouona chini umeanzia juu.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na udongo mwekundu umechanganywa ndani. Ukuta wa namna hii una pumzi. Unanyonya unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha unautoa nje taratibu jua likiwaka, kwa sababu lipu ya chokaa inaupitisha. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa iliyopigwa kwa vigongo vya mti, watu wamejipanga safu wakiimba, siku baada ya siku mpaka ikashikana. Yalipoanza kuvuja yakafunikwa mabati, na bati ni kitu kizuri, ila linamwaga mvua yote kwa kasi mahali pamoja. Mahali hapo ndipo mfereji. Ndio maana nasema habari ya mfereji si ndogo.

Na hapa lazima niseme la nyumbani kwetu. Baba aliinunua nyumba hii kutoka serikalini miaka ya 1990, na kwa mapenzi yake akataka kuitendea wema. Akaleta saruji. Ukuta wote wa chini ukapigwa lipu ya saruji, nene na laini, ukapakwa rangi ya maziwa. Ulipendeza kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne ukavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Unyevu uliokuwa ukitoka zamani ulikosa njia, ukapanda juu zaidi, ukabeba chumvi, na chumvi ikavunjavunja uso wa mawe kutoka ndani. Kipande cha saruji kilipoanguka kilikuwa kizito hata mtu mmoja hakukiinua, na nyuma yake yalikuwa yameng'ang'ania mawe ya ukuta wenyewe. Baba alifariki akiamini kuwa nyumba ilikuwa mbovu tangu alipoinunua. Hakuna aliyemwambia. Saruji ilikuwa dukani Darajani, chokaa njema haikuwepo.

Ndivyo ilivyo mpaka leo, waheshimiwa. Tunaambiwa tutumie chokaa, na ni kweli tuitumie. Nitainunua wapi? Chokaa ya kujengea haitoki tanurini ikaingia ukutani. Mawe yanachomwa, yanazimwa kwa maji, yanakaa shimoni yakiwa mabichi kwa wiki na miezi, na kila ikikaa inazidi kuwa laini kama samli. Mtu mwenye kipande cha ukuta kilichoanguka Jumatatu hana shimo wala hana miezi. Anakwenda kununua mfuko wa saruji, na siwezi kumlaumu.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni hili, nalisema wazi. Jengeni ghala la mji. Eneo moja, hata kama liko nje ya Mji Mkongwe, lenye mashimo ya chokaa iliyolowekwa tayari, mawe yaliyookolewa kutoka kwenye nyumba zilizoanguka, na boriti zilizokaushwa, na mkaazi aje na barua ya sheha wake anunue ndoo nne za chokaa kwa bei ya gharama. Najua ukataji wa mikoko umewekewa masharti, na masharti hayo ni ya haki, na najua pia kuwa tanuri la chokaa linakula kuni. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka ghala moja linalosimamiwa, lenye vibali vyake na hesabu zake, badala ya kila mmoja kutafuta boriti tano za magendo usiku. Nyumba ikianguka, boriti zake nzima zisichukuliwe na gari la kifusi. Zina thamani kuliko tunavyodhani.

Pamoja na chokaa, watu. Waashi wa chokaa waliobaki nawajua kwa sura, na wengi wana mvi. Tunayo mafunzo ya amali, na vijana wanasomea umeme, upishi, ushoni. Wawekeni wengine chini ya wazee hawa kwa mwaka mzima, walipwe, na wafunzwe kwenye nyumba halisi zinazovuja, wakipanda juu na msumari wao. Kijana aliyejifunza kusikiliza ukuta kwa kuugonga hatakosa kazi katika mji huu maisha yake yote.

La pili ni ukaguzi. Msingoje tulete barua. Kila Februari, kabla ya masika, watumeni mafundi wawili wawili wapite shehia kwa shehia, wapande mapaani, watazame mifereji, mabomba na vichwa vya boriti. Watazame pia matangi. Tangi la plastiki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na tumelikalisha juu ya kuta ambazo waliozijenga hawakufikiria kubeba mzigo huo. Watazame vyoo vya juu vilivyoongezwa miaka ya karibuni, ambavyo mabomba yake yanavuja ndani ya ukuta mchana na usiku bila kungoja masika. Hili halihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Linahitaji ngazi, tochi na daftari.

Na mfereji ulio baina ya nyumba mbili uwe na mwenyewe. Wekeni kanuni kwamba ukionekana umetoboka, mji unauziba kwanza, halafu gharama inagawanywa kwa pande mbili baadae, hata kama mmoja wa wenye nyumba ni ofisi ya umma. Bati na gundi ya kuzibia havifiki gharama ya kuondoa kifusi cha nyumba moja, wala sitaki kufikiria gharama ya aliyelala chini yake.

Nije kwenye jambo zito zaidi, nalo ni nani anakaa humu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali, na wakapewa vyumba watu kutoka Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kutoka mashamba na Pemba. Nyumba ya familia moja ikawa ya familia tano. Nyumba nyengine ni za wakfu, ziliwekwa na watu waliotaka thawabu isiyokatika, na nyengine ni za watu binafsi, baadhi yao wako Muscat, Dubai au London na warithi wamefika arubaini. Mpangaji wa vyumba viwili anayelipa kodi ndogo hana karatasi inayomhakikishia kuwa atakuwepo mwaka kesho. Kwa nini auze kidani cha mkewe atengeneze dari? Mpeni mkataba wa maandishi wa miaka, na mruhusuni akatwe kwenye kodi fedha aliyotumia kwa matengenezo yaliyokubaliwa. Mtaona chokaa ikinunuliwa.

Maana watu wakitoka, nyumba haiokoki kwa sababu imekuwa hoteli. Siwachukii wageni. Vijana wangu wanakula kwa sababu yao, na hoteli nyengine zimeokoa nyumba ambazo sisi tungezipoteza. Lakini mnakumbuka Mambo Msiige pale Shangani, jumba la katikati ya karne ya 19 ambalo leo ni sehemu ya hoteli kubwa, na jinsi UNESCO ilivyoeleza wasiwasi wake kuhusu ujenzi ule. Hilo lilisikika kwa kuwa lilikuwa kubwa na mbele ya bahari. Mitaani yanatokea madogo kila mwezi: familia inauza, ngazi inahamishwa, vyumba vinavunjwa viwe na vyoo vyao, bwawa dogo la kuogelea linawekwa juu kabisa. Kichochoro ambacho usiku kilinuka udi na mikate ya kumimina kinabaki na mlinzi mmoja kwenye kiti. Baraza ipo, safi, imepakwa chokaa, hakuna anayeikalia. Wekeni mpaka. Semeni katika kila mtaa ni nyumba ngapi zinaweza kuwa za kulaza wageni, na zilizobaki ziwe makaazi. Na sehemu ya ada anayolipa mgeni hotelini iende moja kwa moja kwenye mifereji na boriti za nyumba za wakaazi, kwa daftari ambalo sheha anaweza kutusomea.

Sisi hatukukaa tu. Jumuiya za wenyeji za kuhifadhi urithi zimekuwa zikisema haya kwa miaka. Kichochoro chetu kilichangishana Shaaban iliyopita, kila mlango kwa uwezo wake, tukabadilisha bomba moja la maji ya mvua nyuma ya msikiti. Ukuta ule haukuwahi kuwa mkavu tangu nilipokuwa mdogo, na sasa ni mkavu. Mwalimu mmoja jirani yetu huleta darasa lake mara moja kwa muhula, watoto wa Ng'ambo wengi wao, wapande ngazi zetu, wahesabu boriti, wauguse ukuta wa chokaa na wa saruji waone upi una baridi. Mtoto mmoja alimuuliza mama kama nyumba hii ni makumbusho. Mama akamwambia, "Hapana mwanangu, hapa napika." Nimelipenda jibu hilo kuliko hotuba zote nilizosikia siku za sherehe za urithi.

Ningependa sherehe hizo ziendelee, na ngoma zipigwe Forodhani. Ila zitengeni siku moja katika hizo ambayo nyumba kumi za kawaida zinafunguliwa kwa hiari ya wenyewe, na mwashi mzee ndiye anayezungumza mbele ya watu, akiwa na chokaa mikononi. Ndugu zetu wa Lamu, ambao mji wao uliingia katika orodha ya dunia 2001, mwaka mmoja baada yetu, wana mafundi wa chokaa na nakshi wanaoheshimika kama masheikh. Waiteni. Wafundishane na wetu.

Waheshimiwa, masika yanaanza Machi. Mama amehamisha kitanda mara mbili na chumba hakina kona ya tatu. Yule mwashi mzee amekubali kupanda tena juu pamoja na yeyote mtakayemtuma, na jirani wa upande wa pili amekubali kufungua mlango wake. Ngazi tunayo, iko uani, inafika mpaka kwenye mfereji. Njooni siku yoyote baada ya sala ya alasiri, ulizeni mlango wa kijani wenye baraza moja iliyovunjika, mtaoneshwa.

Wenu katika kuupenda mji huu,

Mkaazi wa Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar